Orodha ya Timu Tatu

Kavira mjukuu wangu,

Tunakusalimu toka Butembo. Bibi yako amerudi toka shambani Vuhovi na maharagwe, na kikohozi kimemwacha. Unaniuliza kama ukubali kuongoza michezo ya chuo hapo Beni, nawe unaogopa.

Nilipokuwa karani kijana wa chuo, mwalimu wa kwanza wa michezo wa chuo chetu alifundisha mpira, voleboli na mbio, na wachezaji walikuwa vijana walewale kumi na wawili. Siku tuliyokwenda Beni kushindana, niliandika orodha ya kila timu kwenye karatasi moja, naye akatia sahihi.

Njiani, kwenye kizuizi, askari alisoma majina thelathini na sita, kisha akahesabu vichwa ndani ya lori.

"Bengine beko wapi? Mulibapeleka mu pori, kwa barebeli?"

Alidhani tumewapeleka vijana ishirini na wanne kwa waasi. Sikuthubutu kusema kwamba kosa la kuandika majina yaleyale mara tatu bila maelezo lilikuwa langu. Mwalimu akashuka.

"Chef, liste ni yangu. Ni bale bale. Ita majina."

Askari akaita timu ya mpira, wakaitika. Akaita voleboli, zikaitika sauti zilezile. Alipofika kwenye mbio akacheka.

"Mais, professeur, unachokesha batoto ya batu! Mupite."

Lori lilipoondoka, Mwalimu alinirudishia karatasi aliyokuwa ameishika tangu askari alipomrudishia. Ilikuwa imelowa jasho la mkono wake. Mpaka siku ile nilidhani yeye haogopi kitu.

Karatasi hiyo bado ninayo, wino wa sahihi yake umetapakaa. Nimeiweka ndani ya bahasha hii, uishike unapofikiri jibu lako.

Babu yako