Nukta Nyekundu za Kaniha

Jumatatu, 3 Juni 2024
Ngara. Ramani imekamilika. Picha za satelaiti za miaka saba zimechakatwa kwenye kompyuta za mbali, nchi gani sijui – dakika kumi na moja. Kupakua matokeo hapa ofisini, saa tatu nzima. Nyekundu ni msitu uliokatwa. Kijiji cha Kaniha kina nukta kumi na nne, zote kando ya hifadhi. Bosi wangu, Danstan, amefurahi. Ameshaituma wilayani.

Jumatano, 5 Juni
Wilaya wana haraka kuliko mtandao wetu. Kaya kumi na nne zimepewa barua: wajieleze Ijumaa, la sivyo wahame. Danstan kasema niende nikaielezee ramani. Nimesema sawa.

Kwenye ripoti ya ramani kuna sahihi yangu: nimehakiki uwandani, Februari. Februari gari lilikuwa gereji. Nilihakiki mezani, kwa macho. Kila penye kijani kizito kwenye picha za zamani niliifundisha kompyuta – huu ni msitu.

Ijumaa, 7 Juni
Kaniha. Nimefika mapema, nikaanzia nukta namba sita, kwa mzee Xavery. Shikamoo, marahaba, kiti. Hapakuwahi kuwa na msitu. Palikuwa na migomba ya baba yake, imeshonana. Ugonjwa wa mnyauko ukaingia, bwana shamba akaamuru ing'olewe yote, ifukiwe.

"Tuliambiwa ng'oeni, tukang'oa. Sasa naulizwa kwa nini nimeng'oa."

Namba saba hivyo hivyo. Namba nane pia. Nimeona aibu. Mimi Mhangaza wa hapa hapa Ngara, nimekulia migombani, halafu migomba nikaiita msitu.

Ofisi ya kijiji. Wajumbe wanaingia kikaoni. Mtendaji, Tecla, kanipa daftari la wageni – jina, tarehe, madhumuni. Nikarudisha kurasa hadi Februari. Bwana mifugo yumo. Watu wa chanjo wamo. Mimi simo. Tecla kaona ninachotafuta. Kaniuliza taratibu, ndiyo mara yangu ya kwanza kufika? Nikaomba dakika mbili.

Naandika haya kwenye benchi la nje, daftari lao liko magotini. Nikisema kweli, kazi sina. Jina nimeandika, na tarehe. Madhumuni bado.

Mzee Xavery kaja kukaa karibu yangu, kavaa koti. Anadhani nimekuja kumtetea. Kasema anashukuru, tangu barua ifike hakuna mtaalamu aliyefika kuangalia, wilayani wote wanasema aliyehakiki alishapita Februari.

Tecla kasimama mlangoni. Wengine wanasubiri kusaini, na kalamu ni hii moja