Wiki ya Taji na Somo la Takwimu

Fall River, 20 Januari

Natércia mwanangu,

Naamini barua hii inakukuta mzima huko Albany na kikohozi kimekwisha. Sisi hatujambo, ila goti la baba yako linalalamika kuliko yeye mwenyewe.

Mungu ni mwema: chuo kikuu kimenikubali! Septemba nitaaga hapa kwenye chuo cha miaka miwili, nikasomee ualimu kule, mradi nimalize masomo yote niliyowaandikia kwamba nayasoma muhula huu. Niliwaandikia matano. Usipige kelele. Niliona nikisema matatu watanena, mama huyu amechoka kabla hajaanza. Linalonitisha ni takwimu. Niombee.

Mama yako

Albany, 2 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekwenda, hamu ya mkate wako imebaki. Hongera! Nimelia maktabani watu wananitazama.

Lakini matano, Mama? Mimi kijana nachukua manne na bado nalala na viatu. Wewe unashinda na watoto wa chekechea mpaka saa tisa, ndipo uende darasani. Na taji je? Si kura ya parokia ya kulihifadhi ilikuangukia wewe mwaka huu? Wiki nzima Taji la Roho Mtakatifu litakaa sebuleni kwako, majirani waje kusali rozari kila jioni, na Jumapili uwalishe wote. Punguza somo moja sasa, mapema, na uwaarifu chuo kikuu.

Mwanao

Fall River, 4 Mei

Binti yangu,

Amani ya Bwana iwe nawe, na unisamehe ukimya huu. Taji limeondoka salama kwenda nyumba nyingine. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Idalina wa ghorofa ya juu akasema supu yangu haina mnanaa wa kutosha, kisha akala sahani tatu.

Sasa la kukwambia. Kabla ya wiki ya taji tulifanya mtihani wa takwimu, nikaanguka vibaya. Mwalimu, mtu mpole, akaniambia, "Mama Deolinda, mpaka Ijumaa unaweza kuliacha somo hili, halitakudhuru." Nikaliacha. Nilitoka pale mwepesi, nikapitia kanisani kushukuru. Chuo kikuu sijawaambia. Nao hawajauliza. Unadhani ni dhambi?

Mama yako

Albany, 8 Mei

Mama,

Shikamoo. Salamu ndefu nitakuletea nikija, leo nina haraka.

Mwalimu hakukudanganya. Hapo chuoni kwenu halikudhuru, kule ndiko linakodhuru! Walikukubali kwa masomo matano. Wakiona manne kwenye matokeo wanafuta nafasi yako, na barua itakuja Julai, huna tena la kufanya. Yamemkuta mwenzangu wa bwenini. Waandikie leo. Waambie ukweli wote, hata la taji, na uwaulize kama unaweza kulisoma kiangazi. Dhambi utamuuliza padri baadaye.

Mwanao mwenye hofu

Fall River, 19 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Nilikaa kimya kwa sababu ningekuandikia woga mtupu, na wa kwako unakutosha.

Niliwaandikia siku ileile nilipopata barua yako. Wakakawia kujibu hata nikawa naogopa kufungua sanduku la barua, namtuma baba yako. Wakasema: soma takwimu kiangazi, upate angalau alama ya C, la sivyo nafasi apewe mwingine. Basi nikalisoma, hilo peke yake, kila asubuhi. Jikoni alikaa baba yako. Tulikula mayai mpaka nikayaota.

Nimepata C. Nafasi ni yangu.

Jana nilikwenda kule kuchagua masomo. Nilikaa garini muda mrefu, mikono kwenye usukani, namwomba Mungu anipe miguu. Msichana mmoja akagonga kioo. "Mama, unamsubiri mtoto wako?"

"Hapana," nikasema, "mimi ndiye mwanafunzi!"

Nilipaza sauti mno, maskini, akarudi nyuma. Kisha akanifungulia mlango, akanionyesha njia. Nimechukua masomo matatu.

Mama yako