Kitanda cha Chumvi cha Dada Mwajuma

Dada yangu Mwajuma,

Huku Kimara adhuhuri imeshaadhiniwa, kwa hiyo huko Uyuni hata jua halijatoka na wageni wako bado wamejikunyata chini ya yale mablanketi ya sufu. Chapati zangu zimeisha mapema leo, kichanga changu Idi amelala, somo yako Mwaju anacheza uani. Nimepata upenyo. Naandika humu kwenye kundi la familia, mama asome, mjomba asomewe, kwa sababu na wewe uliomba humuhumu mbele ya kila mtu.

Nianze na lile ambalo nimekuwa nikilimeza. Nakuonea wivu, dada. Nakuonea wivu mpaka jina lako likiwaka kwenye simu navuta pumzi kwanza ndio nafungua.

Unaikumbuka chumvi ya Mabibo. Mama alikuwa analetewa magunia kutoka kwao Lindi, na sie tukitoka shule tunakaa chini nyuma ya meza yake sokoni, tunapima kwa kopo na kufunga kwenye vifuko. Chumvi ile ya mawe ilikuwa inatuchana vidole, halafu inaingia palepale ilipochana. Ukiniona nimeanza kupuliza mikono ulikuwa unavuta gunia upande wako, unasema, "We funga tu, kupima niachie mie." Ulikuwa mtoto na wewe, ila mikono yako ilishakuwa ya mtu mzima. Hilo sijalisahau, na ndilo linalonifanya leo niandike sentensi moja nifute mbili.

Baadaye ukapata kazi ya kupika kwenye kile kiwanda cha Mikocheni, akaja Mateo kutoka Bolivia kufunga mitambo, akala wali wako wa nazi, na kilichofuata kila mtu humu anakijua. Leo mna nyumba ya wageni ukingoni mwa uwanda wa chumvi ambao mwisho wake hauonekani. Kuta za chumvi, meza za chumvi, vitanda vya chumvi vyenye godoro juu, na watu wanavuka bahari kuja kuvilalia. Chumvi, dada. Nilipomwonyesha mume wangu akasema, "Mie daktari kanikataza hata ya kwenye mchuzi, shemeji anailalia." Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Kila picha unayotuma nailalia macho. Ile ya baada ya mvua, maji kidogo yamesimama juu ya chumvi, mawingu yako juu na chini, na wewe katikati na gauni lako jekundu kama mtu aliyeangikwa mbinguni. Kile kisiwa cha mimea ya miiba isiyo na majani, mirefu kuliko paa letu. La Paz, mnasafiri ndani ya vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya, mnapita juu ya mabati ya watu, na mwenzangu unalalamika kwamba kuna foleni. Ziwa Titicaca, kile kisiwa kisicho na gari hata moja, mkalala kwa mama mmoja aliyewakaangia samaki na kuwapa chai ya majani ya koka kifua kilipobana kwa hewa haba ya mlimani. Nikiwa nasukuma chapati nachagua: hapa ningelala siku mbili, hapa ningelala wiki.

Iliyonimaliza lakini ni ile aliyokupiga Mateo bila wewe kujua. Umelala mchana kwenye kitanda kile cha chumvi, mdomo wazi, mkono umening'inia, na hakuna mtoto yeyote juu ya tumbo lako. Hiyo niliiangalia mara nyingi kuliko ziwa.

Na huyu somo yako ameshahamia huko kabla hajafika. Anatandika kanga uani, anagawa vyumba, anawakaribisha watoto wa jirani na kuwaonya wasilambe kuta, kama ulivyomwambia kwamba wageni wenu hulamba. Siku moja kaniuliza, "Kwa mama mkubwa kitanda cha chumvi. Chetu cha nini?" Nikamwambia cha mbao. Akanitazama kwa huruma. Juzi nikamnyima simu, akanijibu kwamba basi anakwenda kwa mama wa chumvi. Nilimchapa, dada. Kofi la mkononi, dogo, lakini halikuwa lake.

Ndipo ukaomba. Ukaandika kwamba tukupe somo yako umlee, umsomeshe huko. Kabla sijamaliza kusoma, hongera na dua zilishajaa, na chapati yangu iliungua. Kwetu jambo hili halina mjadala. Mtoto aliyepewa jina la mtu ni wa mtu huyo pia, na dada mkubwa ni mama hata mie nikiwepo. Mjomba akaja kutoka Temeke, nikamwamkia, akanywa chai taratibu, akasema, "Kaombwa na somo yake, tena ndiye aliyekubeba wewe mgongoni. Nimpelekee neno gani?" Nikasema, "Ukubwa wako nauheshimu, mjomba, ila hili nitampelekea mwenyewe." Hakulipenda, alimaliza chai akaaga.

Nikwambie ukweli, nilikaribia kukubali. Nilishaanza kupanga: Mwaju akiwa kwako, nani ataninyima kuja kumwona? Nilishajiona nimefika, nimelala mchana, mdomo wazi kama wewe. Nilikuwa namfulia nguo zake nikashtuka kwamba nachagua zipi za baridi, na kwamba sijamfikiria yeye hata kidogo. Nilikuwa namtanguliza mwanangu akanishikie kitanda.

Nikakufikiria na wewe. Siku niliyokwambia nina mimba ya Idi ulinyamaza, halafu ukasema mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua. Najua mnavyohangaika hospitali wewe na Mateo, najua ukituma picha ya ziwa mie naona ziwa, na nikituma picha yangu na watoto juu ya tumbo na wewe unaona lako. Tunaoneana, dada. Ni vile tu kila mmoja anaweka vikopa vya mapenzi chini ya picha ya mwenzake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na lisomwe na wote. Hapana. Mwaju analelewa hapa, na mie, kwenye kitanda cha mbao. Jina lako analo na halitaondoka. Kila jioni mtaongea kama kawaida, hata siku nitakayokuwa nawasikiliza kwa meno yaliyoumana. Akiwa mkubwa akataka mwenyewe, aje likizo. Mjomba akinuna, aninunie mie, asikulaumu wewe kwa kuomba. Ulikuwa na haki ya kuomba. Ningekuwa wewe ningeomba.

Nilimwambia asubuhi ya leo nikiwa namsuka. Nilijiandaa kwa kilio. Akauliza tu, "Kwa hiyo sipelekwi?" Nikamwambia hupelekwi. Akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea mikononi mwangu. Kumbe alitusikia tunaongea na mjomba, akadhani anaondolewa ili Idi apate nafasi, na siku zote hizi anacheza wageni huku anaogopa. Nikamkumbatia kwa nyuma, chanuo bado kichwani. Akalichomoa chanuo, akasema, "Basi apelekwe Idi."

Wivu huo hakuutoa mbali, dada. Msalimie Mateo. Ukitaka kununa nuna, nitakuelewa, ila jioni mpigie. Anakusubiri.

Ni mie mdogo wako,
mama wa somo yako.