Mkaguzi Juu ya Sofa la Jirani

Hemlata, leo nimejiaibisha! Si unajua watu wa posa wanakuja kumwona wifi yangu Pradnya? Nikaazima sofa, friji na bangili za dhahabu kwa majirani.

Akaja mzee mmoja nadhifu. Nikajua ndiye baba wa kijana. Nikampa sahani ya pohe, mchele bapa wa kukaanga, nikaanza kujigamba: "Baba, sisi hatujui shida. Hili friji ni la pili!"

La pili, Hemlata! NILISEMA LA PILI!

Akatoa fomu. "Mama, mimi natoka serikalini. Nimekuja kuhakikisha kwamba hamna uwezo, ili binti yenu Ketaki asomeshwe uuguzi bure kwa ile sheria mpya ya jimbo."

Ada yote ya mwanangu! Nikakimbilia mlangoni nikapiga kelele: "Majirani, njooni mchukue vitu vyenu!"

Wakaja mbio. Mama Indubai akamwambia, "Inuka baba, sofa langu hilo." Mzee akainuka na sahani mkononi, akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akasaini.

Ketaki atasoma, Hemlata! Ila watu wa posa wenyewe ndio wanaegesha gari sasa hivi, na sina hata kigoda.