Mpira mpya wa boti ya Kassim

Jumanne, Februari 1994

Mimi fundi mzee, lakini mkono wangu haukosei. Mpira unaofunika shafti nyuma ya boti ulikuwa umepasuka mikunjoni, nikafunga mpya. Kassim, mwenye boti, akanifunulia kitabu cha mashine. Nikamwambia, "Mwanangu, kitabu hakijapata kuingia majini."

Tukaishusha boti majini. Kesho apakia wanawe, na maji yakipenya hapo boti yazama. Nikajilaza ndani kusikiliza kama maji yaingia. Usingizi ukanichukua, nikaota mimi ni mdogo, naelea chali baharini chini ya kuta za Ngome, mawingu yanipita polepole.

Nikaamka mgongo umerowa. Nikapapasa chini ya mashine, pakavu. Lilikuwa jasho langu.

Kassim akauliza mbona natetemeka. Nikasema ni baridi. Saa nane mchana, jua la Februari.

Ameniamini, au amenistahi.