Goti la Baba na Mvumo wa Mapokezi

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na hao wawili wanaoniita shangazi kwenye simu halafu wanakimbia. Kile kikohozi kimekwisha? Usinijibu "nipo tu", sema ukweli. Sisi huku hatujambo. Mama yuko imara, na mdomo wake uko imara zaidi.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka kwanza nipate jibu la swali lako. Uliniuliza Baba anaumwa nini, ukanikumbusha kwamba mimi ndiye karani wa mapokezi wa zahanati anayotibiwa, nitege sikio tu. Haya, tulia nikusimulie, maana jibu lenyewe lina safari yake.

Pale kazini, chumba cha daktari na mapokezi vimetenganishwa na ukuta wa plaiwudi usiofika darini. Meza yangu iko huku, benchi la wagonjwa liko mbele yangu, na kila neno la ndani lilikuwa letu sote. Kutega sikio hakukuhitajika, shida ilikuwa kuliziba. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa najaza kadi ya fundi seremala huku mama mmoja anaeleza hali yake ndani, mkono wangu ukafuata sikio. Kesho yake seremala akarudi kuniuliza, kwa adabu zote, hiyo mimba yake ya miezi minne ataibeba vipi pamoja na mbao.

Tulicheka sana, lakini Baba hakucheka. Kwenye benchi lile hukaa jirani yetu, yule tunayemwita Mama Redio, anayekuja kupima presha na kuondoka na habari. Baba alikuwa amepungua mpaka kola ya shati inamzunguka, chakula anakichezea tu, lakini akiingia kwa daktari anasema goti. Mara mbili ametibiwa goti. Ikabidi achechemee nyumbani ili mambo yalingane, na kwa vile goti lenyewe ni zima, asubuhi anachechemea mguu wa kulia, jioni wa kushoto. Mama alikuwa anamcheka, kisha anaingia chumbani kulia. Nami niliogopa, Kaka. Niliogopa kwamba baba yetu atakufa kwa aibu, na sisi tutabaki tunasema lilikuwa goti.

Mwezi uliopita zahanati ikaletewa spika ndogo mbili za kutoa mvumo. Si muziki, ni shuuu laini isiyokatika, ya kuyafunika maneno ili asiyehusika asiyaambulie. Fundi umeme alituachia boksi akasema atarudi Ijumaa kuzifunga. Sisi na haraka zetu hatukumsubiri. Tukajiuliza siri ziko wapi, tukajijibu ziko ndani. Basi spika tukazifunga ndani, juu ya kichwa cha daktari, tukafungulia sauti mpaka mwisho.

Hapo ndipo tulipoharibu. Mgonjwa hamsikii daktari, daktari hamsikii mgonjwa, wote wawili wakapandisha sauti. Mwalimu mmoja, mtu mwenye heshima zake, aliulizwa kama anapata choo, na swali likafika hadi kwa muuza matunda getini. Jibu nalo likafika. Baba alikuwa benchini anasubiri zamu yake. Alinyanyuka, akasema goti limepona, akaenda zake bila kuchechemea hata kidogo. Sikujua uso niuweke wapi.

Ijumaa fundi alipokuja alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi yake. Kumbe mvumo hauwekwi kwa anayesema, unawekwa kwa anayesikiliza. "Ukiwa unaosha vyombo na bomba liko wazi," alinieleza, "mtu wa sebuleni unajua anaongea, lakini hujui anasema nini. Bomba liko kwako, si kwake." Akazihamishia spika huku kwetu, moja juu ya benchi, moja juu ya meza yangu, akapunguza sauti mpaka ukikaa dakika tano unasahau kama ipo. Mfagizi akaingia ndani kusoma kalenda ya ukutani kwa sauti ya kawaida. Hatukuambulia hata mwezi mmoja.

Tangu siku hiyo kadi zangu hazina makosa, na kazi ya asubuhi naimaliza kabla ya saa tano bila kichwa kuniuma. Mama Redio analalamika kwamba zahanati siku hizi imepoa.

Akabaki Baba. Kumwambia kwa mdomo asingeamini, unamjua. Nilimbembeleza aje akae benchini dakika mbili tu. Nikaingia kwa daktari, nikafunga mlango, nikasema yote: kwamba goti ni la uongo, kwamba sukari anaidokoa kabatini, kwamba nampenda na nimechoka kumwona akikonda. Nilipotoka nikamuuliza amesikia nini.

"Nimesikia unabwabwaja," akasema, "kama kawaida yako."

Akakaa kidogo anaitazama ile spika. Halafu akaiweka kola yake sawa, akaingia.

Alikaa dakika thelathini na tano. Niliisikia sauti yake ikipanda na kushuka, na mara moja nikasikia anacheka. Neno sikupata hata moja, mimi niliyekuwa nasikia mtu akimeza mate. Niliinamia kadi zangu nikalia kwa furaha, watu wakadhani nina mafua.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba sijui. Faili liko kabatini, ufunguo wa kabati ninao mfukoni, na sijaligusa. Ninachojua ni kwamba jioni ile yeye mwenyewe alimweleza Mama, kwamba Jumanne wanakwenda pamoja hospitali kubwa kwa vipimo, na kwamba daktari amemwambia amewahi. Jana alimaliza sahani yake akaongeza. Goti halitajwi tena humu ndani.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula au unashinda na chai. Seremala naye anakusalimu, anasema mimba inaendelea vizuri. Mbusu wifi kwa niaba yangu, na watoto wafinye mashavu. Mungu akutunze huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa na mwili, si mifupa.

Mdogo wako akupendaye hata usipojibu barua,

Karani wa Mapokezi

Nyongeza: Baba amepita hapa akaniona naandika. Anasema umpigie Alhamisi saa kumi jioni, ana jambo la kukwambia yeye mwenyewe. Simu ataipokelea sebuleni. Mimi na Mama tutakuwa jikoni tunaosha vyombo, na bomba tutalifungua lote.