Firigisi ya Mzee Ngassa

Mgodini, upande wa Geita
Msimu wa kuvuna pamba

Mama Kabula, mke wangu,

Nakusalimu pamoja na watoto. Kabla hujasoma zaidi, mpigie baba yako shikamoo yangu, hata kama marahaba ataimeza. Mwili wangu ni mzima isipokuwa masikio. Mashine ya kuponda mawe imeshayala nusu, kwa hiyo ukinijibu andika kwa sauti. Kifua cha Kabula kimepona?

Barua yako imefika. Unasema mzee alipekua bakuli zima la jogoo akitafuta firigisi, fungu lake, akaikosa, akalisukuma pembeni: "Mkwe amekula heshima yangu." Na hutarudi nyumbani kwetu mpaka jambo hili liishe.

Kosa la kwanza ni langu. Nilitia sahihi mkataba wa pili bila kukuuliza, ukaenda kwa baba yako, na jogoo yule ndiye niliyemtuma aniombee radhi. Lakini firigisi sikuila. Wala jirani yetu Masanja aliyemleta hakuila, ingawa kwa tumbo lile simlaumu mzee akimshuku.

Nilimsindikiza Masanja mpaka langoni, jogoo yuko kwapani, mzima, anawika. Mlinzi akasema, "Lete huyo. Kuku wa humu wanadonoa mchanga wenye dhahabu."

"Bwana, huyu ni wa baba mkwe."

"Basi baba mkwe aje na kibali."

Akamchinja pale pale. Akaipasua firigisi, akaimwaga kiganjani: changarawe na punje za mtama. Akaitupa, na mbwa wa langoni hakungoja kukaribishwa. "Haya, piteni." Masanja akambanika marehemu kwenye moto asije akaoza, maana mpaka Shinyanga ni siku tatu.

Unajua mimi nilifanya nini? Nilisema asante. Ndiyo, asante! Mtu mzima, niliyebeba bunduki Burma!

Kule vitani tuliambiwa tunapigana ili mtu asimtawale mwenzake kwa mabavu. Tumerudi, tumekuta nini? Mlima ambao Wazinza walichungia mbuzi unasagwa kuwa unga. Dhahabu inatiwa kwenye masanduku, inapita lango lile lile kwenda kunenepesha viwanda vya Ulaya, na sijaona sanduku likipasuliwa tumbo. Ng'ombe wetu wanauzwa kwa amri. Pamba yetu inapimwa kwa mizani ambayo mwenye pamba haruhusiwi kuisogelea. Sasa wameingia mpaka ndani ya kuku! Wahindi niliolala nao handaki moja walikuwa wakisema wakirudi kwao watamtoa Mwingereza. Niliwacheka. Wamemtoa. Mjinga nani?

Barua yako niliwasomea wenzangu wa zamu. Walicheka, halafu kila mmoja akataja kuku wake. Jumatatu tukaenda wote ofisini kwa meneja. Mimi nikasukumwa mbele, eti kwa kuwa mfupi sitawazibia wengine.

Karani akatafsiri: "Bwana mkubwa anasema utalipwa jogoo wako."

"Mwambie sidai jogoo. Nadai firigisi ya Mzee Ngassa."

Karani akanitazama. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, na jina lake."

Mzungu akacheka. Hakucheka mwingine. Siku ile hatukushuka shimoni, leo pia hatujashuka, na hatushuki mpaka kisu kiondoke langoni. Huenda nikafukuzwa, Mama Kabula. Basi, mkataba ulionitenga nawe utakuwa umekufa, na safari hii sitasema asante.

Msalimie mama mkwe, na shemeji anayetuchungia ng'ombe, na mke wa Masanja. Mwambie mumewe hana hatia, kwa mara hii moja.

Barua hii msomee mzee asubuhi, akishaitikia salamu ya mwangaluka na moyo wake umetulia. Mwambie jina lake limetajwa mbele ya wakubwa na halikutetemeka. Nikija, nitakuja mikono mitupu. Jogoo tutamkamata uani kwake, kisu atashika yeye, na firigisi hataipasua mwingine.

Mumeo,
Baba Kabula